Lord Cardigan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwinyi wa Kiingereza na shambulio la Balaklava

Lord Cardigan ni nani hasa?

Jina lake ni James Thomas Brudenell. Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1797 huko Hambleden, Buckinghamshire, mtoto wa kiume pekee katika nyumba yenye mabinti saba. Alifariki tarehe 28 Machi 1868. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa mbunge, luteni kanali, mshtakiwa mbele ya malodi wenzake, meja jenerali na shujaa wa taifa, kisha shujaa aliyeanza kusemwa. Wengi wanamjua kwa jambo moja tu: asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1854, katika Vita vya Krimea, aliwaongoza wapanda farasi wapatao 670 moja kwa moja kwenye midomo ya mizinga ya Warusi.

Ana uhusiano gani na sweta?

Ndiye yule yule. Sweta ya vifungo mbele, ile ya wanafunzi wa shule za nyanda za juu zenye baridi, huitwa kadigani kwa jina lake. Baada ya Krimea umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba fulana ya sufi ya kufuma ilibandikwa jina lake, nalo likaganda.

Na si yeye peke yake. Kofia ya kufuma inayofunika uso na kubakiza macho, balaklava, ilikuja kuitwa kwa jina la bandari ya vita hivyo. Mkono wa nguo unaoshonwa kuanzia kolani bila mshono wa begani, ambao mafundi cherehani huuita raglani, una jina la Lord Raglan, amiri jeshi wa Waingereza huko, aliyekatwa mkono wa kulia baada ya kujeruhiwa Waterloo mwaka 1815. Sijui vita vingine vilivyofanyiwa kazi nzuri hivyo na washona nguo, na vibaya hivyo na majenerali.

Cardigan ni jina la ukoo au la mahali?

La mahali: mji mdogo magharibi mwa Wales. Ukoo ni Brudenell. Walipewa uearl wa Cardigan mwaka 1661, wakati Mfalme Charles II aliporudi madarakani na kuwalipa fadhila waliosimama na baba yake. Makao yao yalikuwa Deene Park, Northamptonshire, mikononi mwao tangu mwaka 1514. Kwa hiyo usimtafute Wales.

Earl ni daraja la kati katika ngazi ya umwinyi wa Kiingereza: juu yake kuna marquess na duke, chini yake viscount na baron. James alirithi cheo hicho Agosti 1837 baba yake alipofariki, akawa Earl wa 7. Kabla ya hapo aliitwa Lord Brudenell, lakini ili tusichanganyane nitamwita Cardigan tangu mwanzo hadi mwisho.

Alisoma wapi?

Harrow, kisha Christ Church, Oxford, ambako aliondoka bila shahada. Akiwa bado kijana alianguka kutoka kwenye farasi akaumia kichwa, na waliomchukia baadaye hawakuacha kukumbusha hilo. Mwaka 1818 aliingia bungeni kwa kiti cha Marlborough, kiti ambacho binamu yake ndiye aliyekuwa na usemi juu yake. Mwaka 1829 alipiga kura kinyume na matakwa ya binamu huyo, akaambiwa aachie ngazi. Mwaka uliofuata alikuwa amejipatia kiti kingine, Fowey. Ndivyo siasa ilivyokuwa.

Ni kweli alinunua vyeo vyake vya jeshi?

Ni kweli, tena kihalali. Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu bila kuelewa biashara hii huwezi kumwelewa Cardigan.

Katika jeshi la Uingereza la wakati huo, afisa wa askari wa miguu au wa farasi aliweza kununua cheo cha kuanzia, kisha akanunua kila kilichofuata hadi luteni kanali. Kila cheo kilikuwa na bei iliyoandikwa na serikali. Cha chini kabisa kwenye wapanda farasi kiliuzwa pauni 840. Luteni kanali wa wapanda farasi alikuwa pauni 6,175. Hiyo ni bei ya karatasini. Juu yake kulikuwa na kile ambacho mfanyabiashara yeyote anayetafuta fremu ya duka atakitambua mara moja: kilemba. Anayeondoka anataka chake mkononi, na kikosi chenye jina zuri kina kilemba kikubwa.

Cardigan aliingia kikosi cha 8 cha Husari, yaani wapanda farasi wepesi, Mei 1824, akiwa na miaka 26, umri ambao maafisa wengi wa tabaka lake walikuwa tayari na miaka kadhaa ya utumishi. Desemba 1830 alikuwa luteni kanali. Miaka sita na nusu, bila vita hata kimoja. Mwaka 1832 alichukua uongozi wa kikosi cha 15 cha Husari, na ilisemekana kilimgharimu pauni 35,000 au zaidi. Linganisha na ile 6,175 ya serikali uone kilemba kilivyokuwa.

Walioutetea mfumo huu walikuwa na hoja. Afisa akistaafu aliuza cheo chake, na fedha hiyo ikawa pensheni yake bila serikali kutoa senti. Tena, walisema, mtu mwenye mali hawezi kupindua serikali inayolinda mali yake. Walikuwa hawajasahau jeshi la Cromwell, lililompindua mfalme karne mbili kabla. Lakini angalia jambo hili: kwenye mizinga na uhandisi vyeo havikuuzwa. Huko ilibidi kusoma hesabu, kisha kusubiri zamu. Ina maana walijua vizuri kwamba kuna kazi ambazo pesa haifundishi. Kuongoza wapanda farasi hawakukuhesabu miongoni mwa kazi hizo.

Kuanzia kanali kwenda juu hakukuwa na kununua, ilikuwa ukongwe. Kwa hiyo ujanja ulikuwa kuuwahi uluteni kanali ungali kijana, kisha ukaiachia saa ikufanyie kazi. Hivyo ndivyo Cardigan alivyofikia umeja jenerali mwaka 1854. Biashara yenyewe ilifutwa mwaka 1871, miaka mitatu baada ya kifo chake, chini ya waziri wa vita Edward Cardwell.

Kwa nini alifukuzwa kikosi cha kwanza alichokiongoza?

Kwa sababu ya Kapteni Augustus Wathen. Cardigan alimwandama kwa mambo madogo madogo ya vifaa na heshima mpaka akamfikisha mahakama ya kijeshi, kesi iliyosikilizwa kuanzia mwisho wa 1833. Kumbe amejichimbia shimo. Ilibainika kwamba alikuwa na mtindo wa kuyaandika kwa siri maneno ya maafisa wake ili ayatumie dhidi yao. Wathen aliachiwa huru, na mwaka 1834 Cardigan akaondolewa kwenye uongozi.

Mtu wa kawaida angekwisha hapo. Yeye alitumia familia, marafiki na mlango wa ikulu, na mwaka 1836 akapewa kikosi kingine, cha 11, kilichokuwa India. Alikifuata huko, akakaa muda mfupi, akarudi.

“Kisa cha chupa nyeusi” ni nini?

Kikosi cha 11 kilikuwa kimekaa India miaka mingi. Maafisa wake hawakuwa matajiri: watu wa kazi, waliozoea jua na bia nzito nyeusi iitwayo porter. Cardigan aliwaona washamba. Yeye alitaka kikosi cha kupendeza macho, akatumia fedha zake mwenyewe kwa sare na farasi. Mwaka 1840 kikosi hicho kilimsindikiza Prince Albert alipofika Uingereza kumwoa Malkia Victoria, kikapewa jina lake na kugeuzwa kuwa husari, na suruali zao nyekundu za kubana zikawa gumzo la London. Porter alishaipiga marufuku mezani.

Mei 1840, kwenye chakula cha usiku, Kapteni John Reynolds alimwagizia mgeni mvinyo wa Moselle. Mvinyo ukaletwa katika chupa yake ya kioo cheusi badala ya kumiminwa kwanza kwenye chombo cha mezani. Cardigan akaona chupa nyeusi, akahitimisha kwamba ni bia. Alipoambiwa ni mvinyo hakutulia. Sasa kosa likawa chupa yenyewe kuwepo mezani. Reynolds akawekwa chini ya ulinzi. Magazeti yakaishikia bango. Cardigan akipita mitaani au kwenye ukumbi wa michezo, watu walimpigia kelele: “Chupa nyeusi!”

Kikosini kulikuwa na Kapteni Reynolds wa pili, na mwaka huo huo naye aligombana na kamanda wake. Huyo alifukuzwa jeshini kabisa.

Alimpiga mtu risasi na bado akaachiwa?

Ndiyo. Aliyewahi kuwa afisa wa kikosi hicho, Kapteni Harvey Tuckett, aliandika barua kali gazetini dhidi yake. Cardigan akamwita kwenye pambano la bastola. Walikutana Wimbledon Common tarehe 12 Septemba 1840, karibu na kinu cha upepo. Risasi ya pili ya Cardigan ilimjeruhi Tuckett, ambaye alipona. Kwa bahati mbaya yao, mwenye kinu alikuwa pia konstebo, akawakamata papo hapo.

Kama lodi, Cardigan alikuwa na haki ya kuhukumiwa na malodi wenzake. Kesi ilisikilizwa Februari 1841 katika Baraza la Malodi. Hati ya mashtaka ilimtaja aliyepigwa risasi kama Harvey Garnett Phipps Tuckett. Ushahidi uliotolewa ulimhusu Kapteni Harvey Tuckett. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja! Malodi, mmoja baada ya mwingine, wakasimama na kutamka kwa heshima yao kwamba hana hatia. Mtaani watu walielewa sheria inavyofanya kazi na kwa ajili ya nani.

Miezi michache baadaye, Jumapili ya Pasaka, alimchapa askari viboko mbele ya kikosi, mara tu baada ya ibada. Viboko vyenyewe vilikuwa halali. Lakini siku ile! Hata waliomtetea walinyamaza.

Na ndoa zake?

Alimwoa Elizabeth Johnstone mwaka 1826, baada ya uhusiano wao kuvunja ndoa ya kwanza ya mama huyo na Cardigan kulipishwa fidia ya pauni 1,000. Nyumba haikudumu, wakatengana. Elizabeth alifariki Julai 1858, na Septemba mwaka huo huo Cardigan, mwenye miaka 60, akamwoa Adeline de Horsey huko Gibraltar. Watu walisema sana, Malkia akiwemo. Hakuacha mtoto wa halali.

Lord Lucan ni nani, na kwa nini hawakuelewana?

Ni shemeji yake. George Bingham, Earl wa 3 wa Lucan, alimwoa Anne, dada yake Cardigan, mwaka 1829, na kwa maoni ya Cardigan hakumtunza dada yake ipasavyo. Walichukiana kwa miaka. Vita vilipoanza mwaka 1854, wakubwa wa London walimpa Lucan divisheni nzima ya wapanda farasi, na chini yake wakamweka Cardigan kuwa kamanda wa Brigedi Nyepesi. Ukiniuliza mimi, kosa la kwanza la Balaklava lilifanyika ofisini, kwa kalamu, miezi mingi kabla ya kosa lile maarufu. Watu wawili wasiosalimiana walipewa kazi ambayo uhai wa mamia ulitegemea wao kuulizana maswali.

Waingereza walikuwa wanatafuta nini Krimea?

Kwa ufupi: Urusi ilikuwa ikiisukuma Dola ya Osmani ya Waturuki, na Uingereza na Ufaransa hawakutaka meli za kivita za Warusi zitambe hadi Mediterania. Wakavuka Bahari Nyeusi hadi rasi ya Krimea ili kuuteka Sevastopol, makao ya jeshi la maji la Urusi. Balaklava ilikuwa bandari ya Waingereza ya kushushia mahitaji.

Ni kweli alilala kwenye yoti wakati askari wake wamelala matopeni?

Kweli. Yoti yake binafsi, Dryad, ilifika bandarini ikiwa na mpishi Mfaransa, na alipata ruhusa ya Raglan kulala humo kwa sababu ya afya. Askari walilala kambini, kilomita kadhaa kutoka hapo. Kabla ya hapo, Juni na Julai, alishaipeleka sehemu ya brigedi kwenye upelelezi kuelekea Mto Danube bila mahema, kwenye jua kali, na farasi wengi walikufa au wakarudi na migongo iliyochunika. Warusi ambao brigedi ilikwenda kuwapeleleza walikuwa wanaondoka wenyewe.

Ilikuwaje hasa tarehe 25 Oktoba 1854?

Alfajiri Warusi waliteka ngome ndogo za udongo juu ya vilima, zilizokuwa zikilindwa na askari wa dola ya Kituruki, wakakamata mizinga ya Waingereza iliyokuwa humo. Asubuhi hiyo Brigedi Nzito ya Jenerali Scarlett iliwapiga wapanda farasi wa Kirusi waliokuwa wengi kuliko wao, wakakimbia. Cardigan alikuwa karibu, akiangalia. Kapteni Morris wa kikosi cha 17 alimsihi wawafukuze. Akakataa: alikuwa ameambiwa alinde mahali pale, basi.

Kisha ikaja ile karatasi. Raglan alikuwa juu ya mlima, akiona kila kitu kama mtu aliyekaa ghorofani. Aliona Warusi wakijiandaa kuondoa mizinga waliyoiteka. Agizo lake, kwa mwandiko wa Jenerali Airey, lilisema wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamfuate adui na kujaribu kumzuia asiiondoe mizinga. Mizinga ipi? Kwa aliye juu, swali hilo halikuwepo. Lucan alikuwa chini bondeni, na kutoka pale vilima vilimziba. Mizinga pekee iliyokuwa mbele ya macho yake ilikuwa betri, yaani safu ya mizinga, ya Warusi mwisho wa bonde, umbali wa kilomita mbili hivi, na Warusi wengine wenye mizinga kulia na kushoto.

Aliyeleta karatasi alikuwa Kapteni Louis Nolan, mpanda farasi hodari aliyewadharau waziwazi Lucan na Cardigan. Lucan alipouliza mizinga gani, Nolan alinyoosha mkono kuelekea bondeni kwa maneno ya kejeli. Lucan hakuuliza tena. Akamwendea shemeji yake. Cardigan alieleza kwamba kuna betri mbele na wapiga risasi pande zote mbili. Lucan akajibu kwamba ndivyo Raglan anavyotaka. Inasimuliwa kwamba Cardigan aligeuka akisema kwamba basi, wa mwisho wa akina Brudenell anakwenda.

Walianza kwa mwendo wa pole, wakazidisha. Nolan alikatiza mbele ya Cardigan akipiga kelele, na kipande cha kombora kikamuua kabla maneno yake hayajaeleweka. Cardigan alikwenda mbele ya wote, peke yake, mgongo umenyooka, bila kugeuka nyuma hata mara moja. Aliifikia mizinga, akapita katikati yake, akajikuta mbele ya Kosaki, wapanda farasi wa Kirusi. Kisha akarudi. Alisema baadaye kwamba si kazi ya jenerali kupigana na adui katikati ya askari wa kawaida.

Shughuli nzima ilichukua kama dakika 20. Waliokufa walikuwa karibu 110, majeruhi wapatao 160, na farasi zaidi ya 300 walipotea. Kwenye hesabu ya kwanza walikutwa 195 tu bado juu ya farasi. Jenerali Bosquet wa Ufaransa, aliyekuwa akitazama, alisema ni jambo la fahari, lakini si vita. Usiku ule Cardigan alirudi kwenye yoti yake.

Basi kosa lilikuwa la nani?

Watu wamegombania hili tangu jioni ile ile. Raglan alimwambia Lucan kwamba ndiye aliyeipoteza Brigedi Nyepesi. Lucan akamtupia Nolan, ambaye hakuweza tena kujibu. Agizo lilikuwa bovu, mjumbe alikuwa na hasira, na Lucan alishindwa kuuliza swali la pili. Cardigan, kwa mara moja maishani mwake, ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote: aliona hatari, akaisema, akaambiwa nenda, akaenda mbele. Wanaomwita mwoga wanakosea. Kinachomhukumu ni kilichofuata. Alipofika kwenye mizinga aliona kazi yake imekwisha, akaiacha brigedi ijitafutie njia ya kutoka. Ushujaa alikuwa nao wa kuzaliwa. Ukamanda ndio alioununulia London, na duka halikuwa na bidhaa hiyo.

Florence Nightingale alikuwepo?

Katika vita hivyo ndiyo, si siku hiyo. Alifika hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, mwanzoni mwa Novemba 1854. Mary Seacole, mama wa Kijamaika aliyewauguza na kuwalisha askari, alifungua nyumba yake karibu na Balaklava mwaka 1855.

Alipokelewaje nyumbani?

Kama mfalme. Alirudi Januari 1855, na shairi la Tennyson kuhusu shambulio lilikuwa limeshatoka mwezi mmoja kabla. Watu wale wale waliomzomea kwa chupa nyeusi walijipanga barabarani. Alialikwa Windsor, akaeleza vita kwa Malkia, akapewa nishani na kufanywa mkaguzi mkuu wa wapanda farasi. Hotuba zake zilizidi kunoga kila alipozirudia.

Kisha waliobaki Krimea wakaanza kurudi, na wao walikuwa na ndimi. Mwaka 1856 Somerset Calthorpe, afisa aliyekuwa karibu na Raglan, alichapisha kitabu kilichodai kwamba Cardigan hakuifikia mizinga. Mwaka 1863 Cardigan alimpeleka mahakamani. Mashahidi walithibitisha kwamba alifika kweli. Kesi alishindwa hata hivyo.

Alikufaje?

Machi 1868, akiwa na miaka 70, alikwenda juu ya farasi kumwona mlinzi wa wanyama katika shamba lake la Deene. Wakati wa kurudi alianguka, na siku mbili baadaye akafariki. Amezikwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Deene. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa halali, uearl ulikwenda kwa jamaa yake, Marquess wa Ailesbury. Lucan aliishi miaka 20 zaidi, akapandishwa hadi kuwa jemadari mkuu.

Na farasi wake?

Aliitwa Ronald, wa rangi nyekundu ya hudhurungi, na alirudi mzima kutoka Balaklava. Mwaka 1855 watu walimzunguka na kumng'oa nywele za mkia wapate ukumbusho. Kichwa chake kimehifadhiwa Deene Park, ndani ya kabati la kioo.